Nyuki wa Nguzo na Dundu wa Malka

Mwanangu Komora,

Nguo ulizozitoa sandukuni leo asubuhi nimezirudisha zote. Shati la kanisani liko juu, na chini yake ndipo ulipoikuta barua hii. Ulipokuwa ukizipanga kitandani moja moja ukasema, "Mama, siendi," mimi nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na ningelia ungepata sababu ya kubaki.

Sasa jua limeanza kuinama, wewe umekwenda kumsaidia mjomba wako kuupandisha mtumbwi, na mimi nimeketi mlangoni na kalamu yako. Mwandiko ni ule ule niliofundishwa katika darasa la kina mama, herufi nyingine zimelala, nyingine zimesimama. Utausoma hivyo hivyo. Sitakwambia uoge, wala usali, wala usikope, wala uangalie marafiki gani unaandamana nao. Hayo nimeyasema tangu ulipoota meno na kama hayakuingia basi karatasi haitayaingiza.

Nataka kumjibu baba yako mkubwa. Jana sikumjibu. Nilimpa maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, akaondoka, na tangu hapo nimekuwa nikijikasirikia hata wali wa mchana nikauunguza.

Wewe ulikuwepo. Jilo aliingia kama anavyoingia siku zote, hodi yake ikimfuata nyuma, akaketi kwenye kigoda cha marehemu mdogo wake, baba yako, kana kwamba alikirithi pamoja na sisi.

"Komora," alisema, "nasikia keshokutwa unavuka. Unakwenda bara kusomea ng'ombe. Sisi Wapokomo tangu lini tuna ng'ombe?"

"Nitasomea kuwatibu, baba," ulimwambia. "Maradhi ya mifugo."

"Mifugo ya nani?"

Hapo ndipo alipoinua fimbo akaielekeza juu, pale nyuki alipokuwa akivuma kwenye nguzo. "Mwangalie huyu. Wazee walisema fuata nyuki ule asali. Nyuki anakaa kwao, anajenga kwao. Wewe unataka kuwa dundu wa mavi. Kichwa chini, matako juu, unasukuma mavi ya ng'ombe wa watu kwenda usikokujua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe shemeji, sikia mapema. Mwanamke hana shamba. Shamba ni la mwanamume aliyemo ndani yake. Huyu akivuka keshokutwa, siku hiyo hiyo nakuja na vijana, tunaweka miiba malkani, tunalima."

Malka yetu! Njia hiyo ya ng'ombe kushukia mtoni imepita ubavuni mwa shamba letu tangu babu wa babu yako, na hajatokea mtu wa kwetu aliyethubutu kuiita mali yake. Niliona uso wako ulivyobadilika. Hukuogopa kwa ajili yako. Uliogopa kwamba utarudi likizo unikute nimerudishwa kwa kaka zangu na kikapu kichwani. Ndiyo maana ukatoa nguo sandukuni.

Sasa nisikilize. Jilo ni mzee wa kanisa, na Jumapili akisimama kusoma sauti yake hufika ng'ambo. Lakini juu ya wadudu hajui kitu. Amewataja wawili, nami nimeishi na wote wawili ndani ya ua mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama, yeye ameambiwa na bado hakutazama.

Kwanza, nyuki yule hana asali. Hana hata tone. Nyuki wa asali ni yule mdogo aliye mizingani mwa mjomba wako. Huyu wa nguzo ni mkubwa, mnene, mweusi, na ana ukanda mweupe mgongoni. Baba yako alipojenga nyumba hii nilimwambia alete boriti za mikoko kutoka Kipini. Akasema Kipini ni mbali, mti wa hapa hapa unatosha. Nikamwambia, "Rahisi ghali." Akacheka, akaendelea kukata mti wake laini. Hata nyasi za paa hazijageuka rangi, nyuki akawa ameshafungua mlango wake kwenye nguzo, tundu la duara, safi kuliko fundi yeyote angeweza kutoboa. Wewe ulikuwa mdogo. Ulipenda kulala chali chini ya lile tundu, unga wa mbao ukikudondokea tumboni. Baba yako alipokuja na kijinga cha moto kuwafukuza, ulilia mpaka akakitupa.

Unamkumbuka yule wa manjano? Alikuwa akielea mbele ya mlango, na kila anayetoka alikabiliwa usoni, vuuu, kama atatobolewa jicho. Baba yako, aliyewahi kumpiga mamba kwa kasia, alikuwa akitoka kwake ameinama. Mpaka siku moja ukamkamata kiganjani. Nilipiga kelele majirani wakaja. Ukafungua mkono ukicheka. Hana mwiba. Yule ni dume, kazi yake ni kuvuma tu. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwenye mwiba ni jike mweusi, na huyo anapita na shughuli zake, hata hamtazami mtu. Jana Jilo alipokuwa ameketi pale kigodani akinena juu ya miiba na vijana, nilimwona yule wa manjano kama mara ya pili, na nusura nicheke. Ningecheka, mwanangu. Ilikuwa haki yangu.

Halafu ile nguzo ilipochoka tukaibadilisha, wewe ukaipasua kwa kuni. Ndani tukaona vyumba vimepangwa mstari mmoja, kila chumba na mtoto wake mmoja, mweupe, amelazwa juu ya mkate wa unga wa maua. Ukuta wa unga wa mbao umetenga chumba na chumba. Ukaniuliza, "Mama yao anaingiaje humu?" Nikakuambia haingii. Anaweka chakula cha kutosha, anaweka yai, anaziba. Mtoto akishakuwa mkubwa atautafuna ukuta mwenyewe. Ukasema, "Mama mbaya huyo." Nikakubaliana nawe. Leo sikubaliani.

Tuje kwa dundu.

Ule mwaka uliofuata kifo cha baba yako mto haukufurika. Sisi watu wa mtoni tuna ujinga wetu mmoja ambao kila mtu anao na hakuna anayeuona: tunaamini mto peke yake. Maji yakija na udongo mweusi, tunapanda. Yasipokuja, tunakaa na kumlaumu Mungu. Mavi ya ng'ombe tunayaruka na kuziba pua, hayo ni mambo ya Waorma, watu wa ng'ombe. Basi Jilo akasema tufunge malka, kule chini bado kuna unyevu, mahindi yatatoka. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na wewe, na nilikuwa mjane mpya anayetaka kupendwa na ndugu wa mume. Nikakata miiba kwa panga langu, nikaiburuta, nikaifunga njia.

Wakaja ng'ombe. Walikuwa wametoka mbali juu, huko njia ya Bangale, midomo imekauka mpaka hawalii tena. Mzee Dae alikuwa mbele yao. Wewe unamjua mzee Dae, ndiye aliyekupa maziwa ya kwanza ya ngamia ukayatapika juu ya kanzu yake. Akasimama nje ya miiba, akaiangalia, akaniangalia.

"Mama Komora," akasema, "ng'ombe ana kiu. Mimi ana kiu. Mto ya Mungu. Miiba ya nani?"

Nikasema ya kwangu.

Hakutukana. Aligeuza kundi lake, akazunguka kutafuta malka nyingine, na nilisikia baadaye kwamba ndama wengine hawakufika. Na mahindi yetu ya malkani? Yalitoka, yakafika magotini, yakanyauka. Lakini si hayo yaliyonishangaza. Lililonishangaza ni lile shamba la juu, pale ng'ombe walipozoea kulala wakingoja zamu ya kunywa, ambapo maji ya mafuriko hayafiki kamwe na bado kunde zangu zilikuwa zikistawi kila mwaka. Nilikwenda kulima, jembe likaruka. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Nikainama nikatafuta vile vitundu vilivyojaa pale zamani, ambamo madundu walizika mavi na kuulegeza udongo, sikuona hata kimoja. Nikakaa chini nikafikiri, na nilipoinuka nilikwenda moja kwa moja kuitoa miiba. Sikumwuliza mtu.

Dae alirudi. Ng'ombe wakalala pale pale pao pa zamani. Mavi hayajapoa, madundu hao, wanakuja wakivuma kwa uzito, wanajigonga kwenye majani, wanaanguka chali, wanajipindua. Mpaka leo sijui walikuwa wapi muda wote ule. Mimi na wewe tulichuchumaa tukawatazama mpaka uji ukaungua. Dundu anakata kwa kichwa chake kilicho bapa kama koleo, anapiga kwa mikono, anaviringa, donge likishakuwa duara anageuka kinyumenyume na kulisukuma kwa miguu ya nyuma. Hapo Jilo amesema kweli, kichwa chini, matako juu. Lakini hakumaliza kutazama. Wewe uliweka kijiti mbele yake. Akagonga. Akapanda juu ya donge, akazunguka hapo juu, akatazama mbingu, akashuka, akaendelea na njia ile ile. Ukamwekea tena. Akapanda tena, akazunguka, akashuka, njia ile ile. Ulimsumbua hivyo mpaka nikakuambia, "Mwache mtu na mzigo wake."

Anakwenda kinyumenyume, ndiyo. Lakini anajua aendako.

Basi wazee wa gasa, baraza letu la mila, wakaniita. Mashtaka yalikuwa kwamba nimefungua malka bila ruhusa. Wameketi wote baraza nzima, Jilo akasema maneno mengi kuliko wote, na mimi, Komora, nikapiga magoti nikaomba radhi. Nilijua niko sawa. Miguu ya madundu ilikuwa bado inafukua kwenye shamba langu, kunde zimeanza kuota, na mimi niko magotini nasema nimekosa, nisameheni. Wakanisamehe. Malka ikabaki wazi kwa sababu Waorma nao walikuwa wamepeleka wazee wao, si kwa ajili yangu.

Ukiniuliza leo kosa la maisha yangu ni lipi, sitakutajia miiba. Miiba niliiweka kwa mkono huu na kuitoa kwa mkono huu. Kosa langu ni yale magoti. Tangu siku ile Jilo akisimama mlangoni kwangu haoni mjane aliyelima, anaona magoti. Ndiyo maana jana alithubutu. Huko uendako watu watakutaka uombe radhi. Ukikosea omba, tena haraka, usijitetee. Usipokosea, kaa na magoti yako. Watasema una kiburi. Waambie umekirithi kwa mama, ingawa alichelewa kukipata.

Sasa usidhani nakuambia uwe dundu, kama mwinjilisti anavyotuambia kila mavuno tuwe nyuki. Mimi nimemwona dundu mwizi. Anamngoja mwenzake amalize kuviringa, kisha anaruka juu ya donge na kumsukumia mbali, wanapigana kama watu kwenye kivuko. Na nyuki naye, pamoja na kunitobolea nguzo, huja kwenye mbaazi zangu za uani kila asubuhi, na ua likiguswa naye huinama kwa uzito wake kama limepewa salamu. Mmoja anaharibu nyumba na anasifiwa, mwingine anatengeneza ardhi na anatukanwa, lakini wote wawili wanakula, wanazaa, wana siku zao mbaya. Wewe ni Komora. Hiyo inatosha kuwa kazi.

Kuna jambo moja juu yao ambalo sijakuambia kamwe.

Mvua za mwaka jana zilipokaribia, nilikuwa nalima pale juu, jembe likafunua chumba chini ya ardhi. Ndani yake donge moja, lililosuguliwa likawa laini, na juu ya donge amekaa dundu jike. Hakukimbia. Wengine ukiwafunua wanakimbia. Yeye alilikumbatia tu, amekonda, vumbi limemjaa. Nikajua ndani ya donge kuna mtoto wake. Nikarudisha udongo polepole kwa mikono, nikaenda kulima mahali pengine.

Siku ile nilirudi nyumbani nikikuangalia unavyokula, nikasema moyoni, huyo ndiye mimi. Tangu baba yako alipokufa nimekaa juu yako. Nimekusugua, nimekulinda, sijaona kitu kingine. Na nilijivunia. Ulipoitwa masomoni mara ya kwanza na bwana wa mifugo wa serikali, mimi ndiye niliyesema bado mdogo, na ndevu zilikuwa zimeshakutoka. Jilo hakunifundisha hilo. Nililifanya mwenyewe, kwa mapenzi, na mapenzi pia yanaweza kuwa miiba.

Mvua ziliponyesha nilikwenda kutazama. Donge lilikuwa limepasuka nusu kwa nusu, tupu, na tundu limetoka juu mpaka kwenye mwanga. Mama sikumwona. Nilisimama pale nikalowa chapa chapa. Kumbe hata yule aliyekumbatia alikuwa anangoja mvua tu. Donge lisilopasuka ni kaburi, Komora.

Mama mmoja anaziba mlango anaondoka. Mwingine anakaa na kukonda. Nimewalinganisha usiku na mchana tangu jana, na katika hili hawatofautiani: hakuna hata mmoja kati yao anayezaa mtoto ili amshikie nguzo ya nyumba. Ni sisi watu tu. Ni Jilo tu. Na leo asubuhi, ulipozitoa nguo sandukuni, ilikuwa karibu na mimi niwe Jilo, maana moyo wangu uliruka kwa furaha. Nakuambia kweli. Uliposema huendi, nilifurahi. Kisha nikaona haya.

Eti mwanamke hana shamba. Nani aliyeling'olea magugu baba yako alipolala na homa? Nani anayejua wapi jembe linaingia na wapi linaruka? Kesho Jilo atakuja na vijana wake na miiba. Atanikuta malkani, katikati ya njia. Mzee Dae nimempelekea habari, naye amesema ataleta ng'ombe asubuhi mapema, na ng'ombe mwenye kiu hajui mzee wa kanisa wala mzee wa gasa. Wakiniita tena barazani nitakwenda, nitaketi kama wanavyoketi wao. Sitapiga magoti.

Huenda nikashindwa. Sikufichi. Gasa inaweza kumpa Jilo shamba lote na kunirudisha kwetu, na hapo nitalia mpaka nichoke, halafu nitatafuta mahali pengine pa kupanda kunde. Lakini likinitoka, litanitoka mimi. Halitakuwa limepotea kwa sababu yako, na wala halitaponywa na wewe kukaa hapa ukiwa umekasirika mpaka uzeeke ndani ya hasira. Ukisikia habari mbaya usirudi mbio. Maliza. Ng'ombe wa Dae hufa kila kiangazi na hakuna mtu wa mtoni anayejua kwa nini. Mimi niliwanyima maji, wewe wape dawa.

Nakusikia unakuja, unaimba ule wimbo wako usio na mwisho. Kwa hiyo namaliza, nikakuambie kwa mdomo neno moja tu, kwamba kesho unavuka.

Utakapoisoma barua hii utakuwa umeshavuka, lori limeshakupeleka mbali na mto. Utakuwa umeniona kutoka kivukoni, nimesimama katikati ya malka, umenipungia na mimi sikukupungia. Najua itakuuma. Usidhani nilikasirika, wala usidhani sikukuona. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mpini wa jembe. Nilijua nikiuachia, nitaingia majini nikurudishe.

Ni mimi mama yako,
ambaye hajaondoka malkani.